Bi Johari Muhidini na Ndege Iliyotua Mkongo

Tumefika Chumbi kumsindikiza Bi Johari Muhidini, aliyezaliwa hapa hapa mwezi Agosti 1948, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga, mzee Muhidini na Bi Mwanahalima.

Alisoma Chumbi na Utete, akahitimu ualimu mwaka 1967, akapangiwa Bungu. Huko ndiko Bwana Idrisa Sadala alikomposa. Mshenga alikwenda mara tatu na kurudi na jibu lile lile, kwamba huyo Idrisa aje aseme mwenyewe anachotaka. Akaja, akababaika mbele ya wazee, na mwaka 1970 wakaoana.

Mwaka 1988 aliteuliwa katibu tarafa wa Mkongo. Siku ya Idi, Machi 14, 1994, wakubwa wake wakiwa makwao kwa sikukuu, simu ya upepo iliita. Ndege ndogo ya abiria ilikuwa imetekwa, inaelekea kiwanja cha udongo cha Mkongo, na aliagizwa akizibe isitue. Mgambo wakapanga mapipa. Sauti nyingine ikasema kiachwe wazi, ndani mna watu. Ya tatu ikamtaka asifanye lolote mpaka aambiwe. Kila mara Johari aliuliza nani anaamua, akajibiwa kuwa suala liko ngazi za juu. Ndege ilikwisha fika, ikizunguka chini chini, injini ikikohoa. Akawageukia mgambo.

"Yaondoeni. Mkiulizwa, semeni kasema Johari."

Ndege ikatua na abiria wakatoka salama. Lakini mtekaji, kabla ya kukamatwa, alifyatua risasi iliyomuua mgambo Salumu.

Johari alipongezwa hadharani, na kabla mwezi haujaisha akavuliwa ukatibu kwa kuamua jambo lisilo lake. Akauliza lilikuwa la nani. Wajumbe wa kikao kilichomvua wakatazamana, wakasema hilo bado linaangaliwa. Akarudi kufundisha Bungu. Mumewe anasema siku moja aliamka akiamini alifanya sawa, siku ya pili akiamini amemuua mtoto wa watu.

Alikwenda kwa mama yake Salumu, Bi Sikujua, akamwambia amlaumu yeye.

"Wewe nakujua, mwanangu," akasema mama yule. "Wale wengine ndio siwajui."

Mwaka 1997 presha ilimpanda Johari, akapata kiharusi. Bi Sikujua alitoka Mkongo akaja kumuuguza, akimnywesha uji kwa kijiko. Siku moja Johari, kwa ulimi mzito, alimuuliza kama ingekuwa heri mapipa yangebaki. Bi Sikujua akamfuta midomo, akamwambia hata yeye hajui, na akaendelea kumnywesha. Johari alifariki Jumapili, Juni 21, 1998, nyumbani kwake Bungu.

Ameacha mume, Bwana Idrisa. Watoto wawili, Yasmini na Ashrafu. Na wajukuu wanne. Ameacha pia Bi Sikujua wa Mkongo, ambaye jana aliomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya wafiwa, na familia ikakubali.

Mola amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na ampe utulivu alioukosa.