Ufa wa Chumba cha Uwizeye

Kijiwe cha kahawa cha Laurensia pale Kaisho hakina mwenyekiti, ila majaji kinao wa kutosha. Asubuhi hiyo walikuwa wanahukumu kesi ya Uwizeye, fundi cherehani, ambaye mwenye nyumba wake, mzee Elipidius, anamtimua kwa madai kwamba ameupasua ukuta. Uwizeye amegoma kutoka, kafungua shauri baraza la ardhi na nyumba, na Jumatatu baraza linakuja kuukagua huo ukuta. Akishindwa, yeye na wanawe wawili hawana pa kwenda. Protase, mmoja wa majaji hao, alikuwa ameinamia kikombe chake.

— Ni cherehani, alisema Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Pedali ikitikisa mwaka mzima, ukuta utaachia tu.

— Cherehani ipasue tofali la kuchoma? Injinia, fundi ujenzi, alimdharau. Ni mikaratusi ya mzee. Mizizi imepita chini ya msingi inatafuta maji.

— Basi ni ng'ombe wake, alisema Wakili. Wanajikuna pale kila jioni.

— Kwa nini asiwe mzee mwenyewe? alidakia Laurensia. Watu wakienda kanisani, yeye anabaki na nyundo.

Protase ndiye aliyekaa chumba kile kabla ya Uwizeye, na katika maneno yote hayo hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Wala hakutaka aulizwe. Mzee Elipidius ndiye aliyemsimamia ndoa.

Mara Uwizeye mwenyewe akafika, bahasha ya baraza mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naomba kuuliza. Kabla sijahamia, nani aliuona ule ukuta?

Protase aliona haya, akaweka kikombe chini.

— Mimi, alisema. Ufa ule ni wa lile tetemeko la ardhi, mimi bado nikikaa mle. Niliogopa mzee atasema nimemharibia nyumba, nikausindilia gazeti, nikakandika udongo, nikapaka chokaa.

— Utayasema hayo mbele yake, kaka?

— Nitasema. Atanuna, lakini nitasema.

— Na wakidai mmepanga uongo? aliuliza Wakili.

— Wachokonoe. Gazeti limo mle mle, la mwaka ule wa tetemeko, na tarehe yake, kabla huyu hajahamia.

Uwizeye alikaa kwenye benchi, akajifuta macho kwa upande wa kitenge, huku anacheka. Injinia akasema Jumatatu patasi ataleta yeye, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyempinga.