Kilima Walichokirudia Hondohondo

Mheshimiwa Mkungu, mkuu wa kijiji chetu cha Chonyonyo, Mchungaji, wazee wa baraza, ndugu wafugaji mliotoka Kiruruma, majirani wa Ndama, na akina mama wenzangu ambao mikono yenu imechimba kila shimo la kilima hiki: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu katika jina la Bwana.

Nimeambiwa niseme machache. Anayenijua mimi Edvina anajua kuwa machache yangu hujaza debe, basi kaeni vizuri.

Kabla ya vita hondohondo walijaa hapa. Kelele za mabawa yao ndizo zilizotuamsha, na nilipokuwa msichana nilidhani kila kijiji duniani kinaamshwa hivyo. Kisha miti ikakatwa, kilima kikachomwa, kikabaki majani matupu, na ndege wakahama. Wajukuu zangu wakawa wananiuliza hondohondo ni mnyama gani. Niliumia, jamani, nisiwafiche.

Ndipo sisi akina mama tukaenda barazani kuomba kilima tupande miti. Mkungu akatukubalia kwa sharti, nanyi mlisikia: hondohondo wakirudi, wakazaa hapa mpaka mtoto akatoka shimoni, kilima kitakuwa msitu wetu, wasipozaa, kitarudi kwa ng'ombe. Je, ni haki mtu kufanyiwa mtihani na ndege? Sijui, lakini tuliukubali.

Ikaja kazi ya kuchagua miti. Jirani yetu Gosbert akataka mikaratusi, kwa kuwa inakua upesi. Inakua upesi kweli, lakini ni ndege gani mmemwona anakula karatusi? Mimi niliwapeleka wenzangu kwenye mvule mkongwe uliobaki peke yake, wenye shimo ambamo majike walikuwa wakitagia. Jike akiingia humo hujifungia kwa ukuta wa udongo, akabakiza upenyo wa kupitishiwa chakula na mumewe, na mbegu huzitupa nje. Chini ya shimo lile miche ilikuwa imejiotea: mihumula na mitoma, miti ambayo ndege hawa hula matunda yake. Tukaichukua hiyo hiyo. Tukaongeza mivule, wajukuu wapate mbao ngumu, na mipera pembeni, watoto na ndege wagombanie wenyewe.

Sasa Mzee Byarugaba, usiiname, lazima nikutaje. Binti yake Kemigisha alipoposwa, mzee huyu alikuja na shoka. Aliutaka mvule ule ule, achonge mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi ya harusi. Nikamwambia, "Baba Kemigisha, miti yetu ni michanga, haina hata shimo. Ukiuangusha huu, ndege atakuja kula, lakini atazalia wapi?"

Akanijibu, "Mama Edvina, kwani wageni wangu watakunywa mabawa?"

Watu wakacheka. Nami nikaketi kwenye mzizi, nikamwambia aanze kunikata mimi. Kemigisha ndiye aliyetuamua: alisema heri harusi yake ikose rubisi kuliko kumnyima ndege nyumba. Byarugaba akaenda kuazima mtumbwi Ndama, na nasikia wageni walikunywa mpaka wakasahau njia.

Wenzangu, mwaka huu hondohondo wamekuja. Jike aliingia mvuleni, akajifungia, na dume akawa anamletea matunda ya mihumula tuliyoipanda sisi. Lakini sharti lilikuwa bado: mtoto atoke. Mkungu ameitisha mkutano huu hapa chini ya mvule ili aamue, na mpaka jana jioni ukuta ulikuwa mzima.

Asubuhi hii mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Byarugaba, anahema, hata salamu kaisahau. "Mama Edvina," akasema, "ukuta umebomoka. Mtoto yuko tawini." Mzee huyu alikuwa analia, nami nikalia naye pale mlangoni.

Mheshimiwa Mkungu, inua macho. Tawi ni lile, upande wa jua, na mtoto mwenyewe ndiye yule anayelishwa na baba yake mbele ya baraza zima. Tumeshinda, na tumeshinda kwa sharti lako mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Asanteni nyote mlionisikiliza. Mimi naketi, Mkungu asimame atuambie kilima ni cha nani.