Siku Mwalimu Alipotuomba Tumfundishe

Bwana asifiwe sana, watu wa Mungu! Mimi ni Mama Achieng, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa sokoni Rodi Kopany, na leo siketi kabla sijasema alichonitendea Mungu.

Ndugu zangu, binti yangu ana usonji. Haongei, na kelele humuumiza. Kengele ya shule ikigongwa alikuwa anapiga mayowe, anajigonga kichwa, anakimbilia barabarani. Majirani walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, eti nilipanda mahindi kabla ya mama mkwe. Uongo mtupu! Mimi humngoja mama mkwe apande kwanza, na yuko pale mbele, mwulizeni. Lakini maneno hayo yalinichoma.

Muhula uliopita shule ikatuita. Nilijua wananirudishia mtoto, na shule nyingine ya kumpeleka sikuwa nayo. Nilienda na mama mkwe.

Mwalimu wake, Madam Atieno, akatukalisha karibu naye. Akasema, "Mama Achieng, hapa mimi nimeshindwa. Nyumbani akilia hivi, nyinyi hufanya aje? Nifundisheni."

Haleluya! Tangu nimzae huyo mtoto, watu walikuwa wakiniuliza nilikosea wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninachojua. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Mama mkwe hakulia. Alifungua leso kiunoni, akamfunga Madam mabegani, akakaza!

"Hivi. Mabega yabanwe, kifua kipumue. Na usimwambie nyamaza."

Madam akacheka, akaomba aonyeshwe tena. Mwalimu gani huyo, jamani! Mungu ambariki.

Siku hizi kabla ya kengele kugongwa, Achieng anafungwa leso yake, anatulia. Madam naye ametufundisha kuongea naye kwa picha. Akiwa na njaa ananiletea picha ya sahani. Usonji bado anao, ndugu zangu, lakini nimefunguliwa kutoka kwenye kubeba mzigo huu peke yangu.

Juzi alinivuta mkono, akaniwekea picha kiganjani. Ilikuwa ya shule. Na ilikuwa Jumamosi! Mtoto aliyekuwa akiikimbia shule anaililia siku ya mapumziko!

Asante Yesu! Na wewe mama uliyemficha mtoto wako kama huyu ndani ya nyumba, ninakuomba, mtumaini Mungu, umtoe. Jumatatu asubuhi nitakuwa langoni pa shule. Njoo naye, tutaingia pamoja.