Fundi wa Chumba cha Gundi na Sahihi Zake Kumi na Sita

Marehemu, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shemeji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya wanne wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa mwisho, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, na anaomba mumvumilie sauti ikikatika.

Alianza shule Januari 1978. Siku moja alichelewa, akamkuta mwalimu mlangoni na fimbo, kiatu cha mwalimu kimefumuka mbele. Akasema, "Mwalimu, nikushonee kwanza, halafu unichape." Mwalimu alicheka, fimbo ikasahaulika. Alihitimu ufundi viatu Novemba 1988.

Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, chumba cha gundi. Mwaka 1997 alimwoa dada wa fundi aliyekaa naye meza moja, na tangu hapo jina lake likapotea. Hata mwajiri alimwita Shemeji. Walijaliwa mabinti wawili. Mkewe akilalamika kwamba ananuka gundi, alijibu, "Ndiyo maana ndoa yetu haibanduki."

Mwaka 2016 alifanywa msimamizi. Mwaka huohuo feni kubwa ya kutoa hewa iliharibika, isitengenezwe tena. Sheria ilimtaka mwajiri auondoe mvuke wa gundi, apime hewa mara mbili kwa mwaka kazi ikiendelea, na awaonyeshe wafanyakazi majibu. Hapo ndipo wafanyakazi walipojimaliza wenyewe. Siku ya kupima, kwa kuhofia kiwanda kufungwa, walifunika makopo, wakafungua mlango wa nyuma tangu alfajiri, na nusu yao wakaenda kukaa uani. Waliifurahia siku hiyo, maana ndiyo waliyopumua. Kipimo kilitoka kizuri, na marehemu akatia sahihi kwamba kazi ilikuwa ikiendelea. Mwajiri aliyaona yote kwa macho yake. "Shemeji, usituangushe," alisema. Sahihi zilifika kumi na sita.

Kikohozi kilianza Agosti 2021. Kufikia Februari 2024 alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu, akaacha kazi. Daktari alisema mapafu yamechakaa kwa mvuke. Mwajiri akajibu kwa barua: hewa ni safi, mgonjwa mwenyewe amethibitisha mara kumi na sita, ugonjwa ameutoa kwingine. Familia ilipoisoma barua ile ilikosa pa kushika. Mkewe aliisoma mara mbili, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Wiki mbili kabla ya kufariki, alimwita afisa wa ukaguzi wa kazi kitandani, akaeleza jinsi vipimo vilivyofanywa. Afisa alimwambia, "Mzee, sahihi yako haimwondolei mwajiri wajibu wake. Ila nahitaji shahidi mwingine mmoja aliyekuwepo."

Marehemu akamgeukia mdogo wake. "Mlango ulikuwa unaufungua wewe. Si useme?"

"Kaka, nina watoto. Wakinifukuza je?"

"Haya, fikiria basi," alisema, akaomba maji. Hakuuliza tena.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala kulikuwa kumemshinda kitambo.

Wasifu uliochapwa kwenye karatasi mlizoshika ni mfupi kuliko huu. Unasema tu kwamba "aliugua kwa muda mrefu", kama mwajiri alivyoomba alipoleta shada la maua. Mdogo wake ndiye aliyekubali maneno hayo yachapwe, na sasa anaomba muyafute. Marehemu ameuawa na hewa ya chumba cha gundi. Aliyefungua mlango mara zote kumi na sita ni huyu anayesoma. Leo Ijumaa asubuhi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, amekwenda kwa afisa na kutia sahihi ya ushahidi. Amechelewa siku tatu, na hilo halina dawa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada wawili, mdogo wake huyu, na wenzake ishirini na watatu ambao Jumatatu saa moja asubuhi wanaingia chumba kilekile.

Apumzike sasa, na amsamehe mdogo wake aliyekawia.