Marehemu Doto Mohamedi na Kofia ya Kwenye Swichi

Assalam aleikum warahmatullah. Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mtawanya, familia imenituma mimi, Abbasi Sadallah, mdogo wa baba yake marehemu, niwasomee maisha ya mtoto wetu, nanyi mtanistahimilia, maana Jumapili hii tu nilikunywa naye chai kwenye baraza hii hii, akinitania kwamba redio yangu inafaa kulalia kuku.

Marehemu Doto Mohamedi Sadallah alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 1968, hapa hapa Mtawanya, akimfuata pacha wake Kulwa, wote wawili wakiwa watoto wa marehemu Mzee Mohamedi Sadallah na Bi. Mwanaamina, ambaye yuko ndani na akina mama wenzake. Mapacha hawa walikuwa watundu hakuna mfano, na kila walipoharibu kitu mama yao alimhoji kila mmoja peke yake, yale waliyoyasema sawasawa akayaacha, kwa kuwa alijua wamepangana, akashika pale walipotofautiana, hapo ukweli ukapatikana na fimbo ikafanya kazi yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya ufundi Dar es Salaam, na mwaka 1989 akapata cheti cha ufundi wa elektroniki. Aliajiriwa katika karakana ya shirika la umma hadi mwaka 1994, shirika lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, akarudi Kibiti akafungua kibanda cha kutengeneza redio kando ya barabara kuu, na tarehe 9 Septemba 1995 akamwoa Bi. Salwa, wakajaliwa watoto wawili, Tasnim na Azan, ambao bado wadogo.

Mwaka 2000 kilipofunguliwa kiwanda cha kusindika kamba wa baharini huko delta, alichukuliwa kuwa fundi wa mashine ya kuchambulia, ambayo kamera yake humpiga picha kila kamba anayepita, ikaituma kwa kasi kubwa, kwa nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, hadi kwenye kompyuta ndogo iliyomo ndani ya mashine, nayo huamua huyu mkubwa, huyu mdogo. Tulipomuuliza kwa nini nyaya mbili kwa habari moja, alicheka, akasema ni mambo ya mama tu, kwamba umeme ukipanda kwenye waya mmoja unashuka kwenye mwenzake, na vurugu za mota zikiingia zinaingia kote kuwili sawasawa, basi kompyuta inayaacha yaliyo sawa, inashika tofauti, na picha inafika safi. Kofia yake ya viua hakuivua kazini ila alipotaka kushika umeme, hapo alizima swichi kuu mlangoni na kuitundika juu yake, na kiwanda kizima kilijua kofia ikiwa pale swichi haiguswi.

Ndugu zangu, mahali hapa husomwa ugonjwa, sisi hatuna cha kusoma, Doto hakuumwa hata kichwa. Juzi Jumatatu waliosafisha mashine walizitenganisha zile nyaya mbili, wakafunga kila mmoja upande wake ili ipendeze, mmoja ukalala karibu na mota, na jana Jumanne, tarehe 12 Machi 2002, mashine ikawa inachanganya wakubwa na wadogo, Doto akaitwa, akaingiza mikono ndani, na saa nne asubuhi akapigwa na umeme, akafariki papo hapo. Mimi mpaka sasa siamini.

Meneja na mlinzi walioleta mwili walitueleza, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yale yale, kwamba marehemu alifanya uzembe, alisahau kuzima umeme. Bi. Mwanaamina hakubishana nao, alimuuliza kila mmoja peke yake kofia ilikutwa wapi, maana mwanawe ameletwa kichwa wazi, meneja akajibu ilikuwa mfukoni mwa marehemu, mlinzi akajibu ilikuwa juu ya meza ya mlangoni, chini ya swichi. Mama akamwambia mlinzi kwamba Doto havui kofia ila kwa kuitundika, basi ni nani aliyeitundua, na yule mtu mzima akaangua kilio, akasema majokofu yalikuwa yamezimika pamoja na mashine, kamba wanaanza kuharibika, meneja akaamuru umeme urudishwe, na mkono ulioiondoa kofia ni wake yeye mlinzi. Hayo yako polisi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi walioupokea mwili, majirani waliochimba kaburi, wafanyakazi wenzake waliotoka delta alfajiri, na huyo mlinzi pia, aliyekaa nasi hapa mkekani, kwa kuwa mama wa marehemu ndiye aliyesema asifukuzwe.

Doto mwanetu, Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, ulale kwa utulivu. Umeme uliuzima.