Sephora na timu ya kuteleza

Jana, ndani ya taksibisi ya kwenda Karavia, mbele yangu alikaa Mama Sephora, muuza vitenge wa soko la mtaa wa Kenya hapa jijini, akimlalamikia papa mmoja, mwanamume asiyemjua. Binti yake anasoma chuo kikuu huko Canada, na ameingia timu ya ski ya chuo, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ile mama aiitayo neige. Mashindano yanaanza Desemba.

"Neige haijaanguka bado," alisema, "basi banapanda milima mbio kila asubui. Tulimutuma asome polytechnique, akuwe injinia, kumbe anasomea kuteleza. Mwaka ulipita alivunjika muguu. Sasa ananiomba baraka arudie tena! Sijamujibu."

"Kuteleza?" papa akacheka. "Angebakia hapa. Mvua ikinyesha, na matope ya kwetu, mutaa yote ya Kampemba iko mu équipe ya kuteleza."

Hata mimi nilicheka. Mama naye alicheka, na hilo likamponza papa, maana alijiona ameruhusiwa kuendelea.

"Umuambie aache, mama. Mutoto wa kwetu atashinda nani kule? Atakuwa wa mwisho, na muguu ya pili itavunjika bure."

Mama akamgeukia taratibu. "Wa mwisho? Papa, balimuchagula kati ya batoto balizaliwa mu neige. Weye, nani alikuchagula?"

Akatoa simu, akarekodi ujumbe palepale. "Sephora, mama anakubariki. Teleza, mwanangu, teleza muzuri."

Basi likasimama. Papa, mguu mmoja mlangoni, akageuka. "Na akianguka?"

"Atasimama. Weye shuka, bantu banangojea."