Tumekwama Dakika ya Nne

Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya televisheni mbili zilizokufa, mbele ya kibanda cha fundi redio tunayemwita Waya. Televisheni ya kushoto ina mwenyewe, na Waya anasema atakuja kuichukua, ndiyo maana wazito hukaa kulia. Mimi ndiye mwenye birika. Sina cheo kingine pale, ila kahawa ikiisha na kikao kimeisha, kwa hiyo hakuna anayenizidi. Kila Jumapili asubuhi huja Katibu, karani mstaafu anayeandika mazungumzo yetu kwenye daftari bila kuombwa na mtu. Huja Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na mpaka leo watu wakibishana mguu wake wa kulia hukanyaga chini. Na huja Sindano, fundi cherehani, mgane, ambaye binti yake wa pekee yuko chuoni mbali. Simu ya Sindano imekufa spika, haisemi hata ukiibandika sikioni. Binti akipiga, yeye hupaza sauti, "Mimi mzima, mwanangu!" kisha anakata. Hedfoni Waya amemkataza, anasema zitanyonya hata kile kilichobaki. Binti akachoka, akajirekodi habari zake zote, dakika kumi na moja, akamtumia. Waya akaunganisha simu na spika yake kubwa ya kuitia wateja, nasi tukakaa kusikiliza. Leo ni Jumapili ya tatu. Tuko dakika ya nne.

Wa kulaumiwa ni Katibu na kanuni yake. Hoja ikizuka, sauti inasimamishwa, hoja inajadiliwa mpaka ifungwe, ndipo tunaendelea. Jumapili ya kwanza binti alisema anajifunza kuogelea na amezama mara mbili, "lakini kidogo tu, baba." Hilo "kidogo" lilimaliza birika zima. Jumapili ya pili alisema analea mche wa nyanya dirishani, kwenye kopo la rangi. Tulikaa mpaka saa saba tukibishana ilikuwa rangi ya mafuta au ya maji.

Jumapili hii Sindano alikuja uso umemshuka. Hakuchukua hata kikombe. Alimpa Katibu simu, maana jana binti alikuwa ametuma ujumbe wa maandishi, yeye akaambulia maneno mawili matatu tu, na Katibu ndiye mwenye miwani.

Katibu akasoma kwa sauti ya ofisini:

— "Baba shikamoo. Nilikuuliza kitu, hii wiki ya tatu hujanijibu. Kama nimekuudhi basi, sitakusumbua tena na habari zangu. Nasubiri mpaka kesho adhuhuri."

— Mnaona? — Sindano alisema. — Adhuhuri. Huyu akinyamaza, mimi nyumbani nabaki na cherehani tu. Na cherehani habari zake zote nazijua.

— Sasa hivi saa ngapi? — Breki akauliza.

— Saa nne na nusu, — nikasema.

— Muda upo, — Katibu akasema, akafungua daftari. — Tutamjibu leo leo. Ila kwanza tusikilize hoja ya tatu, tusije tukajibu nusunusu.

Waya akachomeka waya. Wakati anahangaika nao, Sindano akaanza kupiga mluzi, ule wake wa kushonea mapindo. Mtaa mzima unaujua. Unapanda vizuri, unazunguka, halafu unakatika ghafla.

— Bwana wee, — Breki akasema, — huo mluzi kila siku unaukata hapo hapo. Unaniacha mguu hewani.

— Pindo likiisha na mluzi umeisha, — Sindano akasema. — Nipige wa nini na nguo nimeshaitoa?

Spika ikakoroma, sauti ya binti ikatoka, changamfu, ya mtu anayeongea huku anatafuna kitu.

"...na nyanya imetoa ua moja, baba, nimeipiga picha. Halafu, usicheke, nimepata gitaa. Kuukuu, lina nyuzi tano, wa sita umekatika. Vidole vimenitoka sugu kama vyako. Na kuna mtu ananisaidia kukaza nyuzi. Jina nitakwambia baadaye. Ana masikio makubwa, lakini yanamkaa..."

— Simamisha! — Katibu akasema.

Waya akasimamisha. Nikamimina duru ya kwanza.

— Hoja ya tatu, — Katibu akaandika huku akitamka. — Mtu. Mwenye masikio.

— Mtu gani? — Sindano akauliza, ingawa swali lilikuwa letu sote.

Breki akakanyaga chini. — Masikio makubwa nayajua. Nilikuwa na utingo wa hivyo. Upepo ukivuma alikuwa anasikia gari linakuja kabla sijaliona. Kijana mzuri, ila usiku halali. Anasikia kila kitu.

— Kwa hiyo huyu halali? — Sindano akauliza.

— Atalalaje?

— Amesema yanamkaa, — Katibu akanyoosha kalamu. — Hapo pazito. Binti akisema masikio makubwa, hiyo ni taarifa. Akisema yanamkaa, ameshayatazama kwa muda. Kwa pembeni, kwa mbele, na kwa nyuma. Ni kazi ya siku nyingi.

— Nyuma ameyaonea wapi? — Sindano akauliza.

— Ndiyo hoja yenyewe.

Sindano akakaa kwenye televisheni ya kushoto. Hakuna aliyemkataza.

— Nyie mnahangaika na masikio, — Waya akasema, — mnauacha uzi. Gitaa lina nyuzi sita. Limebaki na tano. Wa sita nani kaukata?

Tukatazamana.

— Umekatika wenyewe, — nikasema. Nami huwa nachangia, ingawa kwa kawaida namimina tu.

— Wenyewe! — Waya akacheka kwa dharau. — Huyo huyo mwenye masikio ndiye aliyeukata. Sikilizeni, mimi ni fundi. Ukitaka mtu arudi kwako kila wiki, humtengenezei ukamaliza. Unamwachia kitu kimoja. Leo anakuja mnakaza huu, wiki ijayo mnakaza ule, wa sita unasema bado unautafuta, haupatikani mjini. Hapo katikati mnazoeana.

Alisema kwa uhakika wa mtu anayesoma bango. Macho yetu yote yalikuwa yameiendea simu ya Sindano, iliyokuwa inaning'inia kwenye waya wake.

— Waya, — Sindano akasema polepole, — spika ya simu yangu uliniambia haipatikani mjini.

— Hiyo ni kesi nyingine.

— Mwezi wa pili huu.

— Nimesema ni kesi nyingine, bwana! Tuko kwenye hoja ya tatu.

— Kweli, tuko kwenye hoja ya tatu, — Katibu akasema, maana kanuni ni kanuni, lakini aliandika kitu pembeni ya ukurasa.

Duru ya pili. Breki sasa alikuwa amefika mbali. Kwa hesabu zake, mwenye masikio alikuwa ndiye anayefundisha kuogelea, na hata kule kuzama mara mbili kulipangwa. Katibu akapinga: mwalimu wa kuogelea hawezi kuwa na masikio makubwa, maji yangeingia. Breki akasema basi yeye ndiye mwenye kopo la rangi. Hapo mambo yakaungana yote, maji, nyanya na gitaa, na ikaonekana wazi kwamba kijana mmoja, kwa kutumia masikio tu, alikuwa amemzingira binti wa watu pande zote. Sindano akawa anafuta jasho kwa kile kitambaa chake cha kupimia rangi za uzi.

— Kwa hiyo anataka kumwoa, — akasema.

— Si kwamba anataka, — Katibu akasema. — Ameshaomba. Na binti amekuuliza wewe, na wewe umenyamaza wiki tatu. Ndiyo maana ya ule ujumbe. Sasa tuandike jibu. "Mwanangu mpendwa. Kuhusu ombi lako, baba yako pamoja na wajumbe wamelipitia..."

— Wajumbe usiwaweke, — nikasema.

— Wakae. Linakuwa na uzito. "...wamelipitia, na wameona kwamba jambo hili lisubiri mpaka mhusika apimwe."

— Apimwe nini? — Sindano akauliza.

— Masikio, — Breki akasema.

— Andika hapana tu, — Waya akasema.

— Andika ndiyo, — Breki akasema. — Ukimwambia hapana anakuja naye kesho. Nina mabinti wanne mimi.

Sindano alikuwa anatazama juu, jua lilipofika. Nimemjua miaka mingi, na siku aliyomzika mke wake hakuwa na uso ule. Siku ile alijua la kufanya, alishona sanda mwenyewe. — Jamani, — akasema, — mimi sitaki kusema ndiyo wala hapana. Mimi nataka aendelee kuniletea habari. Hata za nyanya.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na pasi yake imefungwa kwenye mfuko. Simjui, hakuwa wa mtaa wetu. Akatusalimu, tukaitikia, akamwambia Waya pasi inapiga shoti. Waya akamwambia asubiri kidogo, kuna dharura. Mama akasogea karibu na benchi, nikampa kikombe. Katibu, kwa heshima ya mgeni, akamsomea daftari tangu kuzama kwa kwanza.

Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Hilo nililiona.

— Sasa mnamwandikia jibu, — akasema.

— Ndiyo, mama.

— Na yeye ameuliza nini?

Katibu akafungua ukurasa wa nyuma. Akafungua wa mbele. Breki akakanyaga chini, lakini hakuna kilichosimama, maana hakuna kilichokuwa kinakwenda.

— Ameuliza... kuhusu yule, — Waya akasema.

— Mmemsikia akiuliza?

— Hatujafika hapo, — Katibu akakiri. — Tuko dakika ya nne.

Sindano akasimama. Sijawahi kumwona anasimama kwa haraka vile. — Waya, washa. Na mtu akisema simamisha, nitamshona mdomo.

Waya hakugusa spika kubwa. Aliichomoa simu, akachukua bisibisi ndogo, akafungua mgongo wake, akakaza kitu kimoja, akafunga. Haikuzidi dakika mbili. Akamkabidhi Sindano bila kumtazama.

— Ningeitengeneza siku ile ile, — akasema, — Jumapili ungekuja kufanya nini hapa? Hawa wawili mimi nimewachoka.

Sindano alibonyeza, akaishika simu mbele ya kifua chake, na binti akaongea humo humo simuni, kwa sauti ndogo, hata ikabidi tuinamishe vichwa.

"...yanamkaa. Ni rafiki tu, baba. Sawa, si rafiki tu. Lakini bado mapema, usianze. Nilitaka umfahamu taratibu, ndiyo nikaona nianze na wimbo wako. Ule wa mluzi, wa mapindo. Ndio tunaojifunza. Mwisho wa muhula kuna siku ya muziki hapa chuoni, tumejiandikisha tuupige, yeye na mimi. Nimemfundisha mimi, nilikuwa naumba mdomo kama wewe. Ila tumekwama. Tunafika pale unapokata, basi. Nimefikiria sana, tangu nikiwa mdogo nacheza chini ya meza yako, sijawahi kuusikia zaidi ya hapo. Swali langu ni hilo tu, baba. Unaishaje?"

Halafu likasikika gitaa, nyuzi tano. Lilipanda vizuri, likazunguka, likakatika, likaanza upya, likakatika tena, dakika zote zilizobaki. Mtu mwingine akacheka kule, kicheko cha kiume, cha aibu. Rekodi ikaisha.

Nilitazama saa. Saa sita kasoro kumi.

— Kumbe ni jambo dogo tu hilo, — mama wa pasi akasema. Akamgeukia Sindano kwa upole. — Unaishaje?

Sindano akafunga macho. Akaupiga mluzi tangu mwanzo, taratibu, na vidole vyake vikienda mbele kidogo kidogo kama anasukuma kitambaa. Ukafika pale. Ukakatika. Akaupiga tena, ukafika pale pale. Breki aliuinua mguu na kubaki nao hewani. Katibu, aliyeandika maneno yetu yote kwa miaka sita, hakuwa na la kuandika. Mtaa mzima tumeusikia wimbo ule kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza.

Saa sita kasoro dakika mbili, Sindano akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alishika simu kwa mikono miwili.

— Mwanangu, marahaba. Hujaniudhi. Spika ilikuwa mbovu, na watu wa kunisaidia walikuwa wengi. Nimesikia habari zako zote leo, na nimefurahi, na nimekukumbuka sana. Sasa huo wimbo. Sijui unaishaje, mwanangu. Sijapata kushona pindo refu kiasi hicho. Umalizieni nyinyi wawili. Mkimaliza, mniletee niusikie.

Akatuma. Tukaitazama simu mpaka ikaonyesha kwamba binti ameufungua ujumbe.

Katibu akakohoa, akauliza kama aandike kwamba hoja ya tatu imefungwa. Breki akasema aandike. Waya alikuwa ameshaingia ndani na pasi ya mama, na alikuwa anaifungua kwa moyo kweli, skrubu zote. Mimi nikainamisha birika kwenye kikombe cha Sindano, kikombe chake cha kwanza siku ile, na kahawa ilikuwa imekwisha.